Nambari Moja, Wapigaji Thelathini: Jinsi Laini ya Dijitali Inavyounganishwa Kwenye Kituo cha Dharura

Nambari ya simu ya dharura huchorwa ubavuni mwa ambulensi, hubandikwa kwenye mlango wa zahanati na hutangazwa katika baraza la chifu. Mkaazi huihifadhi kwenye simu yake akiamini kwamba siku mama atakaposhikwa na uchungu usiku wa manane, au moto utakapozuka sokoni, atapiga na mtu atapokea. Kati ya kupiga na kupokelewa kuna mitambo ambayo wengi hawaioni: kebo inayoingia ofisini, ruta iliyofungiwa ndani ya kabati, na mipangilio iliyowekwa na fundi. Mipangilio hiyo ikiwa sawa, watu 30 wanaweza kupiga nambari ile ile kwa wakati mmoja na simu zote zikaingia. Ikikosewa, mpigaji husikia mlio wa laini kutumika hata wahudumu wakiwa wamekaa bila kazi.

Suala hili linamhusu mkaazi moja kwa moja. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliipa serikali ya kaunti jukumu la huduma za afya za kaunti, zikiwemo ambulensi, pamoja na huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga. Simu ndiyo mlango wa kwanza wa huduma hizo, na hulipiwa kwa pesa za umma. Anayeelewa jinsi laini inavyounganishwa anaweza kuuliza maswali yanayofaa kabla ya pesa kutumika, na hata kabla ya nambari kuchorwa kwenye gari.

Kutoka jozi moja ya nyaya hadi viti 32

Simu ya mezani ya zamani hutumia nyaya mbili za shaba. Sauti ya msemaji hugeuzwa kuwa umeme unaopanda na kushuka kama sauti yenyewe, na jozi moja ya nyaya hubeba simu moja tu. Ofisi iliyotaka laini kumi ililazimika kuletewa jozi kumi.

Laini ya dijitali hufanya kazi tofauti. Mtambo hupima sauti mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu nane za sifuri na moja, yaani biti nane. Kwa hivyo simu moja huhitaji biti 64,000 kwa sekunde. Mbinu hii ilibuniwa na mhandisi Mwingereza Alec Reeves, aliyeiombea hataza nchini Ufaransa mwaka 1938, ingawa miaka mingi ilipita kabla ya vifaa vya kuitekeleza kwa gharama nafuu kupatikana.

Sauti ikishakuwa tarakimu, simu nyingi zinaweza kupangwa kwa zamu kwenye laini moja. Laini inayotumika Kenya, kama Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, huitwa E1. Inaweza kulinganishwa na matatu yenye viti 32 inayoondoka stejini mara 8,000 kila sekunde bila kukosa. Viti vimepewa nambari kuanzia 0 hadi 31. Kiti nambari 0 hakibebi abiria. Kina alama inayoonyesha mwanzo wa gari ili upande wa pili uweze kuhesabu viti sawasawa. Kiti nambari 16 ni cha kondakta: ndicho hubeba maagizo kama vile nani anapiga, anapiga nambari gani, nani amepokea na nani amekata. Viti 30 vinavyobaki ni vya abiria, yaani sauti za watu. Viti vyote 32 kwa pamoja hubeba biti 2,048,000 kwa sekunde. Kila kiti cha sauti huitwa chaneli.

Marekani na Japani hutumia laini ya aina nyingine, yenye chaneli 24 na mwendo wa megabiti 1.544 kwa sekunde. Tofauti hiyo ina maana kwa anayenunua, kwa sababu ruta nyingi huuzwa zikiwa na kadi inayoweza kufanya kazi kwa mfumo wowote kati ya miwili. Kadi isipoambiwa kwamba iko kwenye laini ya E1, haitaelewana kamwe na mtambo wa kampuni ya simu.

Njia mbili za kuifikisha laini ofisini

Shirika la Posta na Mawasiliano lilivunjwa mwaka 1999, na leo ofisi ya umma inaweza kuchagua miongoni mwa kampuni kadhaa zenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kampuni hizo hutoa laini ya dijitali kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni E1 yenyewe. Kampuni huleta waya wa faiba, kebo ya shaba au mawimbi ya redio kupitia antena ya paa, kisha hufunga kisanduku chake ukutani. Kutoka hapo kebo fupi huingia kwenye ruta ya ofisi. Chaneli zote 30 huwa zimetengwa kwa sauti pekee, kwa hiyo mfanyakazi anayepakua video hawezi kuzigusa.

Njia ya pili hupitisha sauti kwenye mtandao wa data kwa kanuni ziitwazo SIP, ambazo sura yake inayotumika hadi leo ilitolewa mwaka 2002. Sauti hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida 50 kila sekunde, na kila kipande husafiri kama data nyingine yoyote. Simu moja isiyobanwa hutumia karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo simu 30 zinahitaji karibu megabiti 2.6 kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Njia hii ni rahisi kuongeza chaneli, lakini ina sharti moja: ruta na swichi ziagizwe kuipa sauti kipaumbele mbele ya data nyingine. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, wazungumzaji huanza kuingiliana maneno. Kwa mtu anayeelekeza ambulensi nyumbani kwake gizani, maneno yaliyokatika yanaweza kuipeleka kijiji kingine.

Dunia inaelekea njia hii ya pili. Nchini Uingereza, kampuni ya BT iliacha kuuza laini mpya za dijitali za mtindo wa zamani Septemba 2023, na mtandao wake wa zamani umepangwa kuzimwa Januari 2027. Hilo halifanyi E1 kuwa mbaya leo. Funzo lake ni kwamba ofisi inayonunua ruta sasa ichague inayoweza kupokea aina zote mbili, ili pesa za umma zisitumike mara mbili.

Chaneli ngapi zinatosha?

Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Mfano ni kituo kinachopokea simu 60 kwa saa, kila moja ikichukua dakika nne. Ukizidisha, hizo ni dakika 240 za mazungumzo ndani ya saa moja yenye dakika 60, yaani wastani wa simu nne kwa wakati mmoja. Mtu anaweza kudhani kwamba chaneli nne zinatosha.

Hazitoshi, kwa sababu simu hazipangi foleni nyumbani kwa watu kabla ya kupigwa. Huja kwa mafungu: dakika hii hakuna hata moja, dakika inayofuata ni saba. Hesabu ya jambo hili ilifanywa na Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hisabati aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, na kanuni yake ya mwaka 1917 bado inatumika. Kwa mfano huo wa simu nne kwa wastani, kanuni inatoa majibu haya:

Chaneli 4: wapigaji 31 katika kila 100 watakuta laini inatumika.
Chaneli 6: wapigaji 12 katika kila 100.
Chaneli 8: wapigaji 3 katika kila 100.
Chaneli 10: mpigaji mmoja katika kila 190 hivi.

Kuongeza chaneli kutoka nne hadi kumi hakuongezi hata simu moja kwa idadi ya wanaopiga, lakini kunaondoa karibu kukataliwa kote. Tena, hesabu hii ni ya siku ya kawaida. Ajali ya basi barabarani huwafanya watu wengi kupiga ndani ya dakika moja, na anayekosa hupiga tena papo hapo, hivyo msongamano unazidi.

Ndiyo maana laini ya chaneli 30 hupendelewa hata pale ambapo wahudumu ni watatu au wanne. Mpigaji anayezidi idadi ya wahudumu huingia, husikia kwamba simu yake imefika, na husubiri zamu yake badala ya kufungiwa nje. Chaneli peke yake hazimalizi kazi, kwani anayesubiri naye amekalia chaneli. Idadi ya wahudumu wa zamu lazima ipangwe pamoja na idadi ya chaneli.

Iwapo laini hiyo hiyo inatumiwa pia na idara nyingine, kwa mfano mapato, maji au ardhi, ruta inaweza kuagizwa kutenga chaneli kadhaa kwa ajili ya dharura pekee. Bila agizo hilo, asubuhi ya mwisho wa mwezi wafanyabiashara wanaouliza kuhusu leseni wanaweza kujaza laini yote.

Hatua za kuunganisha

Kazi ya kuunganisha E1 kwenye ruta huweza kukamilika kwa siku moja ikiwa maandalizi yamefanywa. Hatua zake ni hizi.

*Kwanza, makubaliano ya maandishi.* Kampuni ya simu huandika idadi ya chaneli ilizofungua, nambari za chaneli hizo, aina ya maagizo itakayotumia, na tarakimu ngapi za nambari itakazotuma simu inapoingia. Karatasi hii ina uzito kuliko kifaa chochote. Kampuni ikiwa imefungua chaneli 10 kulingana na malipo, na fundi akaiambia ruta kwamba ziko 30, baadhi ya simu zitakazopigwa kutoka ofisini zitatafuta chaneli zilizofungwa na kukatika.

*Pili, kebo.* E1 huja kwa kebo mbili za duara zenye kiunganishi cha kuzungusha, au kwa kebo moja ya nyaya za kusokotwa inayofanana na ya kompyuta. Aina hizi mbili hazichomekwi moja kwa nyingine bila kifaa cha kubadilisha. Upande wa kutuma wa ruta lazima ukutane na upande wa kupokea wa kampuni. Nyaya zikipishana vibaya, taa ya kadi hubaki nyekundu.

*Tatu, muundo.* Ruta huelezwa kwamba hii ni E1, na kama ukaguzi wa makosa uitwao CRC-4 umewashwa. Pande zote mbili lazima ziwe na jibu moja. Upande mmoja ukiwasha na mwingine ukazima, laini inaweza kuwaka kisha kuzimika bila sababu inayoonekana.

*Nne, saa.* Gari huondoka mara 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo pande mbili lazima zifuate saa moja. Kanuni ni kwamba kampuni ya simu ndiyo mwenye saa, na ruta ya ofisi huifuata. Ruta ikiachwa itumie saa yake, tofauti ndogo ya sehemu 50 katika milioni inatosha kusababisha kuruka kwa gari moja zima kila sekunde 2.5. Mpigaji husikia mikwaruzo midogo, faksi hukataa kupita, na baadhi ya simu hukatika. Kosa hili husumbua kwa miezi kwa sababu laini huonekana nzima.

*Tano, maagizo.* Ruta huambiwa lugha ya kondakta wa kiti nambari 16 ni ipi. Kwenye E1, kwa kawaida ni kanuni ya Ulaya. Pia huambiwa kwamba yenyewe ni upande wa mteja, kwa kuwa kampuni ndiyo upande wa mtandao. Pande zote mbili zikijiita mteja, hakuna atakayejibu. Vilevile sauti husimbwa kwa kipimo kiitwacho A, tofauti na kipimo kinachotumika Marekani na Japani. Kikikosewa, sauti husikika imeharibika.

*Sita, nambari na njia.* Hatimaye ruta huelekezwa kwamba simu iliyopigwa kwa nambari ya dharura iende kwenye meza za wahudumu, na ile ya idara ya maji iende kwa idara ya maji. Kampuni huweza kutuma nambari nzima au tarakimu nne za mwisho tu. Ruta ikisubiri nambari nzima huku kampuni ikituma nne, kila simu itakataliwa. Taa zote zitakuwa za kijani, wahudumu watakuwa mezani, na mkaazi atasikia mlio wa laini kutumika.

Kwenye SIP, hatua za kebo, muundo na saa huondoka. Mahali pake huingia anwani ya mtambo wa kampuni, pasiwadi, kipaumbele cha sauti na ulinzi wa njia. Makubaliano ya maandishi na mpangilio wa nambari hubaki vile vile.

Mtego wa tarakimu 9

Ofisi nyingi zimezoea kubonyeza 9 ndipo zipate laini ya nje. Desturi hiyo ina hatari. Mfanyakazi mwenzako akianguka ofisini na ukapiga 999 ukiwa umechanganyikiwa, ruta inaweza kuchukua 9 ya kwanza kuwa ombi la kutoka nje, kisha ikapeleka 99 pekee. Nambari 112 nayo inaweza kukataliwa kwa sababu haikuanza na 9.

Jambo hili lilishagharimu maisha kwingineko. Mwaka 2013, katika mji wa Marshall, jimbo la Texas nchini Marekani, Kari Hunt alishambuliwa na kuuawa ndani ya chumba cha moteli. Binti yake wa miaka tisa alipiga 911 mara nne, kama alivyofundishwa, lakini simu za moteli hiyo zilihitaji 9 kwanza. Mwaka 2018 Marekani ilipitisha sheria yenye jina la mama huyo, inayotaka mifumo mipya ya simu za ofisini na hotelini iruhusu 911 kupigwa moja kwa moja.

Dawa yake ni mistari michache ya mipangilio: 999, 112 na 911 zitoke nje zinapopigwa, iwe zimetanguliwa na 9 au la. Fundi huiweka kwa dakika chache. Inafaa iwekwe katika kila hospitali, shule na ofisi ya umma yenye mfumo wa simu za ndani.

Umeme ukipotea

Simu ya zamani ya nyaya mbili ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, hivyo iliendelea kulia hata mji mzima ukiwa gizani. Laini ya dijitali haina faida hiyo. Kisanduku cha kampuni, ruta, swichi na simu za mezani vyote vinahitaji umeme wa ofisi. Stima ikipotea bila akiba, nambari ya dharura hupotea nayo, na mara nyingi ni usiku wa mvua kubwa ambapo wakaazi wanaihitaji zaidi.

Betri ya akiba hushika kazi mara moja, kisha jenereta au sola huendeleza. Kisanduku cha kampuni kilicho ukutani husahaulika mara kwa mara: ruta hupewa betri, lakini kisanduku huchomekwa kwenye soketi ya kawaida. Mmoja akizimika, wote wamezimika.

Kebo pia hukatwa, hasa barabara zinapochimbwa. Kinga yake ni laini ya pili inayopita njia tofauti, na makubaliano kwamba kampuni yenyewe itahamisha simu hadi nambari za mkononi za wahudumu laini kuu ikianguka. Uhamisho huo lazima ufanyike kwenye mtambo wa kampuni, kwa sababu ruta iliyokatiwa kebo haiwezi kuhamisha simu isiyoifikia.

Wezi wa dakika

Mfumo wa simu uliounganishwa na intaneti huwindwa na wahalifu. Hutafuta ruta yenye pasiwadi ya kiwandani, huingia usiku au wikendi, kisha hupiga simu nyingi kwenda nambari ghali za ng'ambo ambazo wao hupata mgao wa malipo yake. Asubuhi ofisi hukuta deni, na wakati wizi ukiendelea chaneli huwa zimejaa kiasi kwamba mgonjwa hawezi kuingia.

Ulinzi wake unajulikana. Pasiwadi ya kiwandani hubadilishwa siku ya kwanza. Simu za ng'ambo hufungwa na kufunguliwa kwa ofisi zenye sababu pekee. Ruta huruhusiwa kupokea SIP kutoka anwani ya kampuni ya simu tu. Kampuni nayo huwekewa kiwango cha juu cha matumizi kwa siku, kikipitwa itoe tahadhari. Tahadhari kabla ya hatari.

Simu zinazorekodiwa

Vituo vya dharura hurekodi simu ili maelezo ya mahali yaweze kusikilizwa tena. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Mpigaji anapaswa kufahamishwa kwamba anarekodiwa, rekodi zihifadhiwe kwa muda unaohitajika tu, na wanaoweza kuzisikiliza wajulikane. Mwenye malalamiko anaweza kuyafikisha kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kupima kabla ya kutangaza

Taa ya kijani haitoshi kuwa ushahidi. Fundi hukagua kwa mpangilio: kwanza kama ishara inafika bila makosa, pili kama mitambo miwili inazungumza kupitia kiti nambari 16, tatu kama simu yenyewe inaingia na kutoka. Kuruka hatua ni kutafuta kosa mahali lisipokuwa.

Baada ya hapo huja majaribio ya kweli. Nambari hupigwa kutoka kila mtandao wa simu unaotumika katika kaunti na kutoka kila wadi, zikiwemo zile za mbali. Simu 30 hupigwa kwa pamoja, kisha ya 31, ili kuona mpigaji huyo atasikia nini. Kebo huchomolewa makusudi ili kuona kama simu zinahamia laini ya akiba. Umeme huzimwa kwenye swichi kuu na muda wa betri kuhesabiwa kwa saa ya mkononi. Matokeo huandikwa, na majaribio hurudiwa kila baada ya miezi michache, kwa kuwa betri huzeeka na mipangilio hubadilishwa.

Nafasi ya mkaazi

Makadirio ya bajeti ya kaunti huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla ya kupitishwa. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 vinampa raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa ofisi ya umma. Kuhusu laini ya dharura, maswali yafuatayo yanatosha kuonyesha hali ilivyo:

Laini ina chaneli ngapi, na ngapi zimetengewa dharura pekee?
Saa yenye shughuli nyingi zaidi, wapigaji wangapi hukosa kuingia?
Wahudumu wangapi wako zamu usiku?
Umeme ukipotea, laini hudumu kwa saa ngapi?
Kebo ikikatika, simu huhamia wapi, na mkataba unaipa kampuni muda gani wa kurekebisha?
Mara ya mwisho mfumo mzima ulijaribiwa lini?

Mkaazi naye ana sehemu yake. Simu ya mzaha hukalia chaneli moja na mhudumu mmoja sawa na simu ya kweli, kwa hiyo watoto wafundishwe kwamba nambari hiyo si ya kuchezea. Anayepiga ataje kwanza mahali alipo: wadi, kijiji, na alama inayojulikana kama shule, kanisa, msikiti au kinu cha posho. Simu ikikatika, mhudumu atakuwa ameshajua gari liende upande gani. Na anayekuta laini haipokelewi aandike tarehe, saa na mtandao aliotumia, kisha apeleke taarifa hiyo kwa ofisi ya msimamizi wa wadi. Kwa habari hizo tatu, fundi anaweza kufuatilia kwenye kumbukumbu za ruta mahali simu hiyo ilipokwama.